Kosa Linafuata Nini?

(Mazungumzo yaliyotolewa Kamanga, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa wa shule yetu. Yamechapwa kama yalivyosemwa.)



Kwanza nawashukuru kwa kuvuka. Najua daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwaka 2025, na mwenye gari anaweza kuzunguka huko akafika bila kulowa hata kisigino. Lakini wengi wenu mmepanda kivuko pale mjini Mwanza mkateremka hapa Kamanga kama zamani. Ahsanteni. Mzee hupenda kutembelewa kwa njia anayoijua.

Katibu aliponiandikia alisema: "Mzee, zungumza juu ya kazi yako." Nikamjibu kwamba kazi yangu imekwisha kufa. Nilikuwa fundi wa taipureta. Vijana hapa mbele, wangapi mmewahi kugusa taipureta? Naona mkono mmoja. Na huo ni wa mwalimu. Basi nitazungumza juu ya kazi iliyokufa, lakini nina sababu yangu, nayo nitaifikia mwishoni. Kuna deni ninalotaka kulilipa mbele ya mkutano huu.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1974. Sikuchaguliwa kuendelea. Nikapata kazi ya karani mpiga chapa katika ofisi moja mjini Mwanza. Wenzangu walinicheka, maana kazi ile wengi waliiona ni ya akina dada waliotoka Chuo cha Uhazili Tabora, waliojua uchapaji na hatimkato kuliko mimi ninavyojua jina langu. Kweli sikuwa mchapaji hodari. Lakini mashine ilipokwama, mimi ndiye niliyeitwa. Nikaona afadhali nifuate vidole vyangu vinakotaka kwenda. Nikajifunza ufundi kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na meza yake barazani, na alipohama, meza ikawa yangu. Nimekarabati Olympia, Imperial, Remington, Olivetti, Facit na Hermes, na baadaye zile Godrej za kutoka India.

Ndugu zangu wa zamani mtakumbuka mitihani yetu ya majaribio. Karatasi ya stensili iliwekwa kwenye taipureta, utepe wa wino ukaondolewa njiani, herufi zikapiga moja kwa moja juu ya nta. Kisha stensili ikafungwa kwenye mashine ya kurudufu. Je, mnakumbuka kwamba kila "o" ilitoka na doa jeusi katikati? Mchapaji mwenye mkono mzito alikuwa anaikata "o" mpaka kipande kidogo cha stensili kinadondoka, na wino unapita pale kama maji kwenye tundu la bati. Tulisoma maswali ya fizikia yenye madoa. Wengine tulifaulu, wengine tukawa mafundi.

Sasa sikilizeni jinsi mashine ile inavyofanya kazi, maana hadithi yangu yote imo humo.

Karatasi huzungushwa kwenye rola nene ya mpira. Rola ile imekaa juu ya kigari, ambacho sisi mafundi tulikiita keriji. Mikono ya herufi haiendi kushoto wala kulia. Kila mkono ukiinuka, hupiga mahali pale pale, katikati ya mashine. Kinachosogea ni keriji, na karatasi pamoja nayo. Kwa hiyo anayeamua herufi ikae wapi kwenye mstari si herufi yenyewe, ni keriji.

Nani huisogeza? Ndani kuna kikopo chenye springi iliyokunjwa kama ya saa, na mkanda unaotoka humo ukafungwa kwenye keriji. Springi hiyo huivuta keriji kuelekea kushoto wakati wote, usiku na mchana. Kama hakuna cha kuizuia, keriji hukimbia yote kwa mara moja mpaka mwisho wa reli. Kinachoizuia ni kifaa kidogo, eskepmenti. Jina ni refu, kazi yake ni fupi: kukamata na kuachia. Chini ya keriji kuna chuma kirefu chenye meno kama msumeno. Meno hayo yameshikana na kigurudumu, na kigurudumu nacho huzungusha gurudumu lingine lenye meno makali. Meno hayo makali hukamatwa na vijino viwili. Kijino kimoja ni kigumu, hakichezi. Kingine kina nafasi ya kucheza kidogo.

Unapobonyeza kitufe, mkono wa herufi ukikaribia karatasi hugusa ufito unaovigeuza vile vijino: kinachocheza kinaachia, kigumu kinakamata. Herufi inapiga karatasi wakati keriji imesimama kabisa. Unapoinua kidole, vijino vinarudi, gurudumu linapita jino moja tu, na keriji inasogea nafasi moja. Basi. Ukichapa ukurasa wenye herufi elfu mbili, kitendo hicho kimefanyika mara elfu mbili bila kuhesabu nafasi zilizo wazi.

Kwenye mashine za herufi kubwa kiasi, nafasi hiyo ni sehemu moja ya kumi ya inchi, yaani milimita 2.54. Kwenye mashine za herufi ndogo, nafasi 12 hukaa ndani ya inchi moja. Na angalieni jambo hili: keriji haijui umepiga herufi gani. Ukipiga "i" inasogea nafasi moja, ukipiga "m" inasogea nafasi ile ile. Ndiyo maana "i" ya taipureta ilivalishwa miguu mipana ili isionekane imepotea, na "m" ikabanwa kama abiria watatu kwenye kiti cha wawili. Kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa katika miaka ya 1940 mashine iliyotoa nafasi pana kwa herufi pana na nafasi nyembamba kwa herufi nyembamba. Mwaka 1961 kampuni hiyo hiyo ikatoa nyingine ambayo keriji yake haitembei kabisa. Herufi zimo kwenye kijimpira kinachotembea chenyewe. Lakini huku kwetu, mashine nyingi nilizozitengeneza zilikuwa zile za keriji inayotembea, yenye kengele mwisho wa mstari.

Vijana, msidhani mambo haya yamewapita mbali. Kitufe kilichoandikwa Shift kwenye kompyuta yenu kina jina hilo kwa sababu kwenye taipureta kiliinua keriji, au kiliteremsha kapu lote la herufi, ili herufi kubwa ifike kwenye karatasi. Kitufe cha Enter, ambacho kompyuta nyingine hukiita Return, kimerithi kazi ya mkono wa chuma uliorudisha keriji mwanzo wa mstari. Zile herufi "Cc" mnazoziona kwenye barua pepe ni nakala ya kaboni, yaani karatasi ya pili iliyowekwa chini ya kwanza na kaboni katikati. Hata mpangilio wa herufi kwenye simu zenu, Q, W, E, R, T, Y, ulitoka kwenye mashine ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, aliyepata hataza mwaka 1868, na kiwanda cha Remington kikaanza kuiuza mwaka 1874.

Na mpangilio huo haukumfikiria Mswahili. Herufi Q na X hatuna kazi nazo, lakini zimepewa viti. Herufi "a", ambayo Kiswahili hakiwezi kusema sentensi bila kuirudia, imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu kuliko vyote. Kwa hiyo kwenye mashine zetu "a" ilitokea hafifu, au ilijaa uchafu tumboni kabla ya herufi nyingine zote. Serikali ilipoagiza mwaka 1967 kwamba shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, kidole kidogo cha kushoto kilipata kazi mpya nchi nzima.

Halafu kuna ng'. Kwenye mashine nyingi tulizokuwa nazo, kile kialama cha juu kilikaa pamoja na tarakimu 8, na ili kukipata ilibidi ubonyeze Shift. Sasa fikirini karani wa huku Usukumani anayeandika orodha ya wakulima wenye majina yanayoanza na Ng'wa. N kubwa kwa Shift, g bila Shift, kialama kwa Shift, w bila Shift. Akiiachia Shift mapema kidogo, kialama kinapanda kinakaa juu kuliko mahali pake. Nimeona orodha nzima za majina zilizokaa mfano wa ngazi. Watu walisema mashine ni mbovu. Mashine ilikuwa nzima.

Na hapo ndipo nifike kwenye somo lenyewe. Mzee aliyenifundisha hakuwa na maneno mengi. Mteja akileta mashine akasema, "Haiandiki vizuri," mzee hakushika bisibisi. Alishika karatasi. Alichapa mistari kumi, akaitazama, akaniuliza swali moja tu: "Kosa linafuata nini?"

Mwanzoni sikumwelewa. Baadaye nilielewa kwamba kosa ni kama mbwa. Halizunguki ovyo, lina mtu linayemfuata.

Kuna kosa linalofuata herufi. Kila unapoona "e", imekaa juu kidogo au imeinama. Iwe mwanzo wa mstari au mwisho, iwe mchapaji huyu au yule, ni "e" tu. Hapo mkono wa herufi hiyo umepinda, au kichwa chake kimelegea. Wachapaji wa haraka hugonganisha mikono miwili, na mmoja huumia. Utaurekebisha mkono huo peke yake. Usiguse kitu kingine.

Kuna kosa linalofuata kundi. Herufi kubwa zote zimekaa juu ya mstari, herufi ndogo zote ziko sawa. Hilo si la herufi, ni la Shift. Mzee alichapa "nHnHn" akaangalia kama miguu ya n na H imekaa kwenye mstari mmoja. Kama sivyo, kuna skrubu zinazozuia Shift isipande wala kushuka kupita kiasi. Robo mzunguko, tena robo mzunguko, basi.

Kuna kosa linalofuata mchapaji. Akichapa huyu, herufi zinapandana. Akichapa mwingine, zinakaa sawa. Hapo unarekebisha mtu, na lazima uwe na adabu.

Kuna kosa linalofuata hali ya hewa na mazingira, na huku ziwani tunalijua sana. Mwisho wa mstari herufi zinabanana, kwa sababu keriji ikikaribia mwisho springi imekwisha kufunguka na nguvu zake zimepungua. Kukiwa na uchafu kwenye reli, haiwezi kuivuta vizuri. Uchafu gani? Wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi, wakifuata taa ya karani anayefanya kazi usiku. Vumbi la pamba, ambalo likichanganyika na mafuta huwa kama blanketi. Na mafuta yenyewe! Watu walitia mafuta ya kupikia, tena ya mbegu za pamba, wakidhani mafuta ni mafuta. Mafuta yale hukaa wiki kadhaa yakawa gundi. Nimetumia nusu ya maisha yangu kuosha mafuta ya kupikia kwa petroli.

Na mwisho, kuna kosa linalofuata mahali. Si herufi, si mtu, si hali ya hewa. Keriji ikifika nafasi fulani, na pale tu, inaruka. Ukurasa mzima ukiutazama, utaona kila mstari una pengo mahali pale pale, pengo juu ya pengo, kama ufa kwenye ukuta wa udongo. Hilo ni jino lililovunjika kwenye kile chuma kirefu. Kigurudumu kikifika pale hakina cha kushika, springi inaivuta keriji, nayo inaruka. Mara nyingi jino linalovunjika ni la katikati, kwa sababu barua zote, fupi na ndefu, hupita katikati. Kosa hilo halirekebishwi kwa skrubu. Linataka chuma kipya.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nalifikia deni langu.

Mwaka 1983 wote wenye umri wangu mnaukumbuka. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini vilitumaliza. Sukari, sabuni, saruji, vitenge, kila kitu kilikuwa cha foleni na cha kibali. Mwaka huo serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliendesha msako wa wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikatungwa. Watu walitupa bidhaa usiku ziwani na vichakani. Mwenye kosa aliogopa, na asiye na kosa aliogopa pia.

Katika ofisi moja ya upande huu wa ziwa, ambayo sitaitaja, alikuwako karani mmoja. Alikuwa mwenzetu. Tulikaa dawati moja kidato cha tatu na cha nne. Jina lake silitaji, ingawa wa mwaka wetu mtamjua. Alifariki mwaka 2011, na jamaa zake wamenipa ruhusa ya kusema haya.

Mwanzoni mwa mwaka ule aliniletea taipureta ya ofisi yake. Chapa yake siitaji, maana halikuwa kosa la walioiunda. Niliifungua. Ilikuwa chafu, springi imelegea, utepe umetoboka, na jino moja la katikati limevunjika. Keriji ikifika pale inaruka nafasi moja. "Pamba" ikawa "pam ba", "kijiji" ikawa "kiji ji", kulingana na neno lililokutwa pale.

Chuma kipya sikuwa nacho. Vipuri viliagizwa nje, na fedha za kigeni hazikuwako. Niliosha mashine, nikakaza springi, nikaweka utepe. Kisha nikaandika hati ya malipo. Nikaandika hivi: matengenezo ya mashine yote, pamoja na keriji. Nikapokea malipo kamili. Nilijiambia kwamba nitakapopata mashine mbovu ya kung'oa vipuri nitamfanyia bila kumdai tena. Mwenzangu alipoona pengo bado lipo aliniuliza. Nikamwambia, "Itatulia yenyewe, ni mpya kutoka matengenezo." Akaniamini. Tulikaa dawati moja.

Miezi michache baadaye akakamatwa. Ilipatikana barua ya kibali cha mifuko 40 ya saruji, yenye muhuri wa ofisi yake na sahihi iliyofanana na yake. Saruji ilikuwa imechukuliwa na haijulikani iliko. Yeye alikana. Aliulizwa, "Nani mwingine ana taipureta hapa?" Hakuna. "Herufi hizi si za mashine yako?" Zilifanana. Ukubwa mmoja, umbo moja, nafasi kumi kwa inchi. Hata mimi ningesema ni zile zile.

Afisa mmoja alikuja barazani kwangu na ile barua na barua nyingine ya ofisi hiyo. Alikuwa mtu mtaratibu. Akaniuliza kama fundi anaweza kutambua mashine kwa maandishi yake.

Vijana, jambo hilo si la ajabu. Arthur Conan Doyle aliliandika katika hadithi ya Sherlock Holmes mwaka 1891. Na mwaka 1924 huko Chicago, vijana wawili wa matajiri, Leopold na Loeb, walimwua mtoto wakaandika barua ya kudai fedha kwa taipureta ndogo ya wizi, kisha wakaitupa mashine majini. Lakini mmoja wao alikuwa amekwisha kuitumia kuchapa madondoo ya masomo pamoja na wenzake. Karatasi za masomo zikalinganishwa na barua, na mashine ikajulikana ikiwa bado imo majini.

Basi niliziweka zile barua mbili juu ya meza. Nikatazama herufi: hazikunisaidia. Nikatazama herufi kubwa: kwenye barua ya saruji zilikaa sawa zaidi. Lakini Shift hurekebishwa kwa bisibisi katika dakika tano, na mtu angeweza kusema nimeirekebisha mimi. Hapo swali la mzee likanijia. Nikazishika barua zote mbili nikazielekeza kwenye mwanga. Barua ya ofisi ilikuwa na ufa wake, kutoka juu hadi chini. Barua ya saruji ilikuwa na mistari 14 mirefu, imeshikana, haina ufa.

Hapo hapo nilijua kwamba barua ile haikutoka kwenye mashine ya mwenzangu. Na hapo hapo nilijua kitu kingine. Ili ushahidi huo usimame, lazima nithibitishe kwamba jino lilikuwa limevunjika siku barua ya saruji ilipoandikwa. Na hati yangu ya malipo, ya kabla ya siku ile, ilisema keriji imetengenezwa yote. Kwa karatasi yangu mwenyewe, siku ile mashine ile ilikuwa nzima. Nikisema kweli kwamba haikuwa nzima, nasema pia kwamba nilipokea fedha za umma kwa kazi ambayo sikuifanya. Mwaka 1983.

Nilimwambia yule afisa, "Niachie nifikiri." Akaondoka.

Sitawadanganya. Sikulala, lakini pia sikuamka kwenda kusema. Nilikaa siku mbili. Nilijitafutia njia ya katikati. Labda niseme jino lilivunjika tena baada ya matengenezo? Lakini ningelisema hivyo, wangeuliza lilivunjika siku gani, na uongo mmoja ungezaa wa pili. Labda watamwachia hata bila mimi? Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Nilifikiri juu yao. Halafu nikafikiri kwamba na yeye alikuwa na mke na watoto watatu.

Siku ya tatu nilivuka nikaja huku. Nilimkuta afisa ofisini, nikaomba jalada la nakala za kaboni. Tulizitoa moja moja. Zilikuwa 11, nyingine za kabla ya ile siku ya barua ya saruji, nyingine za baada yake. Tulizipanga mezani kwa tarehe. Kila moja ilikuwa na ufa. Kabla, upo. Baada, upo. Katikati, barua ya saruji peke yake, haina. Jino la chuma halivunjiki, likaota, likavunjika tena.

Afisa akatazama hati yangu ya malipo. Akanitazama mimi. Akauliza, "Hii umeandika wewe?" Nikasema, "Ndiyo." "Na kazi hii hukuifanya?" Nikasema, "Sikuifanya." Nikaitoa fedha mfukoni nikaiweka mezani, ingawa ilikuwa pungufu, iliyobaki niliilipa baadaye.

Mwenzetu aliachiliwa baada ya wiki kadhaa. Mimi niliandikwa maelezo, nikaonywa, nikarudishwa nyumbani. Ofisi nyingi ziliacha kuniletea mashine kwa muda wa mwaka mzima, na hawakunikosea. Nilitengeneza baiskeli na majiko ya mafuta ya taa. Mwaka uliofuata nilipata mashine mbovu ya aina ile, nikang'oa kile chuma chenye meno, nikavuka tena nikakifunga bila malipo.

Mwenzangu hakunilaumu kamwe. Alinisalimu, alikuja kwenye misiba yangu, nami kwenye yake. Lakini aliniambia neno moja, mara moja tu, tukiwa tumekaa hapa ufukweni. Alisema, "Zile siku mbili ulizokaa kimya, mimi nilikuwa ndani nikizihesabu, na sikujua kwamba wewe unazihesabu pia." Hakuongeza neno. Niliwahi kutaka kuyasema haya mbele yake na mbele yenu, katika mkutano kama huu. Niliahirisha. Mwaka 2011 ukafika. Ndilo deni lenyewe, na leo nimelilipa kwa kuchelewa.

Vijana, kazi yangu imekufa, lakini swali halikufa. Simu yako ikikataa kuitika unapoigusa, je, inakataa programu moja tu, au inakataa upande mmoja wa kioo katika kila programu? Kosa la kwanza linafuata programu, la pili linafuata mahali. Usinunue simu mpya kabla ya kujua. Ukianguka hesabu, kaa na karatasi zako za miezi sita uzipange kwa tarehe kama tulivyozipanga zile nakala. Unaanguka kwenye sehemu moja ya hesabu? Au mwisho wa kila mtihani, kwa sababu muda unakwisha? Au siku za Jumatatu, kwa sababu Jumapili hulali? Usiseme tu, "Mimi hesabu siziwezi." Hayo ni maneno ya mteja anayesema, "Haiandiki vizuri." Chukua karatasi, tazama, uliza kosa linafuata nini.

Na kama ukiuliza kwa uaminifu, siku moja utakuta kosa linakufuata wewe. Siku hiyo usikae siku mbili.

Ndugu Mwalimu Mkuu, pale mezani, chini ya kitambaa, kuna taipureta. Ni ile ile. Ofisi iliyokuwa nayo iliiuza pamoja na vyuma chakavu, nami niliinunua. Inafanya kazi. Nimeiosha kwa petroli, si kwa mafuta ya kupikia. Naikabidhi kwa shule iwekwe mahali ambapo vijana wataruhusiwa kuigusa, si kwenye kabati la kioo. Katika bahasha iliyofungwa chini yake kuna kile chuma cha zamani, chenye pengo la jino moja katikati. Pamoja nacho kuna ile hati yangu ya malipo. Naomba visitenganishwe.

Mvuke salama.